Gia ya Pili

Baba hakuwahi kushinda mbio zozote. Aliendesha Fuso la mpunga, kutoka Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kupanda hadi Sumbawanga mjini. Kila likizo nilikuwa utingo wake. Gari likishindwa mlima, niliruka chini na gogo na kuliweka nyuma ya tairi.

Njiani alisimulia habari za dereva mmoja tu: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, yeye na msoma ramani wake Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Mbio zile zilipita Kenya, Uganda na Tanzania msimu wa Pasaka, masika yakiwa yamegeuza barabara kuwa uji. Mwaka 1966 yaliondoka magari 88, yakafika 9.

“Tisa,” Baba alirudia kila mara, polepole.

Mimi nilisikia neno moja tu: alishinda. Nilitaka kuwa Shankland. Sumbawanga hatukuwa na uwanja wa mbio, lakini tulikuwa na mteremko.

Nilikuwa na miaka 19 Baba aliposhikwa na homa, akaniachia usukani tukiwa tunashuka Muze. Nyuma walipanda wachuuzi watatu. Niliweka gia ya nne, nikaanza kukata kona kama nilivyoota. Kwenye kona ya tatu nikasikia harufu ya breki kuungua. Nilikanyaga pedeli, ikazama hadi chini.

Baba hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaikamata gia mwenyewe: ya tatu, kisha ya pili. Injini ikalia kama mnyama. “Egemea mlima, mwanangu.” Tuliukwaruza ukingo mpaka gari likasimama.

Mama mmoja alivunjika mkono. Baba aliuza ng'ombe wawili kumtibu. Hakunigombeza hata siku moja, ila hakumtaja tena Shankland. Ukimya ule ndio ulioniumiza.

Baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwamba mwaka 1968 magari yaliyomaliza Safari yalikuwa 7 tu. Nikafunga kitabu. Miaka yote ile Baba alikuwa akinisimulia habari za kufika, nami nikasikia habari za kukimbia.

Mwaka jana nilirudi na gari dogo la kuazima. Baba sasa ana magongo. Aliniomba nimpeleke Muze, akamsalimie yule mama. Mkono wake haunyooki vizuri, lakini bado anapepeta mpunga.

Tulipoanza kushuka niliweka gia ya pili, nikaiacha hapo. Pikipiki zilitupita zikipiga honi. Kabla ya kona ya tatu nilitupa jicho kushoto, nikitarajia kuuona mkono wake karibu na gia.

Alikuwa amelala.