Dirisha Nililochelewa Kuliona

Ndugu msomaji, katika miaka 38 niliyoshika chaki sikuwahi kwenda likizo. Likizo zenyewe zilikuwepo. Juni na Desemba wanafunzi walifunga shule wakaenda makwao, lakini mwalimu mkuu hakufunga. Lilikuwepo shamba la shule la kulinda, yakawepo matofali ya kufyatua na nyumba za walimu za kuezeka upya. Nilitoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwishoni mwa mwaka 1971, nikiwa kijana wa miaka 21, kichwa kimejaa Elimu ya Kujitegemea. Ilipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote, Novemba 1977, watoto walitujia makundi kwa makundi hata tukafundisha chini ya miembe. Katika hali ile, mtu kusema "napumzika" kulikuwa karibu sawa na kusema "naiba".

Mama watoto hakuwa mtu wa kulalamika. Mwaka 2009 binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, alituletea kalenda yenye picha za visiwa vya Bahari ya Mediterania. Mwezi Mei ulikuwa na picha ya tao kubwa la jiwe lililosimama baharini, katika kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta. Wenyeji waliliita Dirisha. Mei ilipokwisha, mama watoto alikataa kufunua Juni. Akaniambia, "Mwalimu, siku moja unipeleke pale, tukae tu."

Nikamjibu, "Nikistaafu."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Mara nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Baada ya hapo ukaja ujenzi wa zahanati, kisha kesi za mipaka ya mashamba ambazo wazee walisema haziendi bila mimi. Kila mwaka nilisema mwakani. Mama watoto alifariki mwaka 2016.

Mei 2023 binti yangu alinipigia simu akasema, "Baba, safari hii huulizwi." Nikapanda ndege Dar es Salaam, nikapitia Istanbul, naye akanipokea Malta. Nchi hiyo yote, pamoja na visiwa vyake, ni kilomita za mraba 316. Kisiwa chetu cha Mafia peke yake chaishinda kwa ukubwa. Magari hupita kushoto kama kwetu, maana Mwingereza alitawala huko hadi tarehe 21 Septemba 1964. Kwenda Gozo tulipanda kivuko, safari ya dakika 25 hivi. Nilikumbuka kivuko chetu cha Pangani kwenda Bweni, ila hapa hapakuwa na kuku wala magunia.

Humo kivukoni nilifumba macho nikasikiliza watu wakizungumza, nikashtuka. Bahari wanaiita baħar, dunia dinja, kitabu ktieb, sabuni sapun. Alhamisi ni Ħamis na Ijumaa ni Ġimgħa. Waarabu walikiteka kisiwa hicho mwaka 870, wakaja Wanormani mwaka 1091, lakini lugha haikuondoka na watawala. Leo inaandikwa kwa herufi za Kirumi kama yetu. Watu wake wengi ni Wakatoliki, nao Mungu humwita Alla na Kwaresima huiita Randan. Mimi niliyekalishwa mkekani chuoni Pangani nikiwa mtoto, nilijiona nimefika kwa jamaa wa mbali ambao hatukuwahi kuandikiana barua.

Tulipanga nyumba ndogo Marsalforn, karibu na maji. Siku mbili za kwanza zilikuwa adhabu. Saa 11 alfajiri niko macho, nimekwisha nawa, nimekwisha panga viti barazani kwa mstari, sina la kufanya. Nikamwuliza binti ratiba ya siku. Akasema hakuna ratiba. Nikauliza tena saa ya chai. Nilikuwa kama kengele iliyotundikwa mtini na shule imehamishwa.

Siku ya tatu nilitembea pwani hadi Xwejni, mahali penye mashamba ya chumvi. Si kama yetu ya udongo. Haya ni vishimo vingi vya mraba vilivyochongwa katika mwamba wa chokaa, vimepangika kama madaftari mezani. Maji ya bahari huingizwa humo, kisha jua na upepo hufanya kazi hadi chumvi ibaki, nayo hufagiwa na kukusanywa. Mzee wa rika langu alikuwa na ufagio wake. Nilimwuliza kwa Kiingereza hufanya nini maji yakishaingizwa. Akanitazama kama mwanafunzi mzito, akajibu kwamba hukaa. Jua haliwezi kuharakishwa.

Nikakaa na mimi, juu ya jiwe. Kwa mazoea ya mtu wa pwani nilingoja maji yapwe nione miamba na kombe. Nilingoja hadi adhuhuri, hayakupwa. Kumbe bahari ile kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno, mgeni haoni. Nilicheka peke yangu. Nadhani ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza, tangu mwaka 1971, kukaa mahali bila kumsimamia mtu.

Siku ya tano binti aliendesha gari kuelekea magharibi ya kisiwa, Dwejra. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu nzuri, kwa kuwa nilijua twendako. Njiani akapunguza mwendo akasema, "Baba, sikutaka kukueleza kwenye simu. Lile dirisha lilianguka."

Lilianguka tarehe 8 Machi 2017, siku ya dhoruba. Jiwe la chokaa lenye kimo cha karibu mita 28, lililopigwa picha na watu wa dunia nzima, liliporomoka lote, tao na nguzo yake. Tulisimama palipokuwa pake. Maji ya buluu, upepo, na upeo wa macho mtupu. Mabaki yako chini, huyaona wapiga mbizi peke yao.

Ndugu msomaji, nilipiga hesabu, maana hesabu nimezifundisha. Tangu nistaafu hadi mke wangu alipofariki ni miaka 6, na miaka yote hiyo jiwe lilikuwa limesimama. Hakuna dhoruba iliyotuzuia. Nilizuia mimi.

Nikamwambia binti yangu hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama alijua kuwa hutakwenda. Alisema baba yenu haogopi kazi, anaogopa kukaa."

Neno hilo liliniingia kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa na mkaguzi. Ni kweli. Nilikuwa nikiita wajibu kile ambacho nusu yake ilikuwa hofu: hofu kwamba bila kengele na daftari la mahudhurio, sitajua mimi ni nani. Zahanati ile ingejengwa hata na mwingine. Kukaa na mama watoto mwambani ilikuwa kazi ambayo duniani nilipangiwa mimi tu, na sikuhudhuria.

Tuliketi pale, binti na mimi, labda saa nzima, bila kusema. Ndivyo alivyoomba mwenyewe: tukae tu. Siku tano zilizobaki nilipumzika kweli. Nilikula mkate wao wa moto kwa nyanya na mafuta ya zeituni, nikalala mchana bila aibu, wala sikupanga kiti hata kimoja.

Nimerudi nyumbani na kifurushi cha chumvi. Kalenda ya 2009 bado iko ukutani, imefunuliwa Mei. Wenyekiti wa kamati nimewaachia vijana, nao hawajaharibu kitu.

Walimu wenzangu mnaokaribia kustaafu, wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Siwaambii mwende Malta. Nauli yake si mchezo. Lakini kama kuna mtu nyumbani mwako aliyekuomba mkae tu mahali fulani, hata iwe ng'ambo ya mto, usimpe jibu la "nikistaafu". Mchukue Jumamosi hii.