Shomoro wa Mombasa Katika Paa la Kimuka

Huu ni mwaka wa pili tangu tuhame Mombasa kuja kukaa Kimuka, katika Kaunti ya Kajiado, kwa ajili ya kazi. Tulikuja watatu: baba, mama na binti yetu wa miaka tisa. Huku hakuna minazi wala harufu ya bahari. Kuna vumbi, migunga, ng'ombe, na upepo wa usiku unaogonga mabati hadi alfajiri.

Binti yetu ndiye aliyetutia wasiwasi. Kila upepo ulipovuma alishtuka usingizini, akaja chumbani kwetu akitetemeka. Nyanya yake alipopata habari alitupigia simu.

"Wanangu, mtoto huyo nirejesheeni. Damu yake ni ya pwani. Huko hapamfai."

"Mama, tupe muda hadi mwisho wa muhula," tulimjibu. Ila mioyoni tulikuwa tumeanza kukubaliana naye.

Siku hizo shomoro wawili walikuwa wamejenga kiota chini ya paa letu. Dume alikuwa na utosi wa kijivu na doa jeusi kooni. Ndiye yule yule tuliyemzoea sokoni Mombasa. Nyanda hizi zina shomoro wao wa asili, mwekundu zaidi mgongoni na mwenye jicho la rangi hafifu. Huyu wa paani ni mgeni kama sisi, na safari yake ilianzia kwetu. Shomoro wa majumbani aliingia Kenya kupitia Mombasa kwenye miaka ya 1950, kisha akasambaa kuelekea Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka baharini, na kuendelea magharibi.

Hapo pana fumbo. Ndege wachache wanapoanzisha ukoo mpya, huja na sehemu ndogo tu ya jeni za kabila lao. Wazao wao hufanana mno, na viumbe wanaofanana mno huwa hatarini mazingira yanapobadilika, kwani huenda asiwepo hata mmoja mwenye tofauti ya kumwokoa. Vipi basi ukoo mmoja umestahimili joto la pwani na baridi ya bara?

Andrea Liebl, Lynn Martin na wenzao waliwachunguza shomoro wa miji saba ya Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Hawakutazama jeni peke yake. Walitazama pia alama za kikemia zinazobandikwa juu yake. Aliyesoma chuoni atafahamu upesi. Herufi za Kiarabu zikiwa zile zile, fataha, kisra na dhumma hubadilisha usomaji, na sukuni huituliza herufi. Ndivyo zilivyo alama hizo: hazibadilishi maandishi ya jeni, bali hubadilisha namna yanavyosomwa, na mara nyingi huinyamazisha jeni. Watafiti waligundua kwamba pale ambapo shomoro walikuwa na tofauti chache za jeni, tofauti za alama zilikuwa nyingi zaidi. Huenda basi ndege hawa wanaufidia uchache wa urithi wao kwa wingi wa namna za kuusoma.

Uchunguzi wao mwingine, wa mwaka 2012, ndio uliotugusa zaidi. Shomoro waliofika mbali kabisa na Mombasa walikuwa wepesi zaidi wa kupeleleza mahali wasipopajua. Tena waliposhikwa, homoni ya taharuki ilipanda mwilini mwao kuliko kwa wale waliobaki pwani. Baadaye ikaonekana kwamba hao wa mbali huwahi pia kuonja chakula kigeni. Walio wepesi wa kushtuka ndio hao hao walio wepesi wa kujaribu.

Binti yetu si ndege, na hofu ya mtoto haipimwi kwa damu ya shomoro. Lakini sisi tulikuwa tumeihesabu hofu yake peke yake, tukasahau mengine. Nani alikuwa wa kwanza kunywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi kwa jirani yetu Mmaasai? Ni yeye, sisi tulionja funda moja tukaweka kikombe chini. Kwa jirani huyo huinamisha kichwa wazee wamguse kwa salamu, kama wafanyavyo watoto wa Kimaasai. Akirudi nyumbani hubusu mikono yetu, kama alivyofunzwa na nyanya yake. Hajaacha hata moja ya adabu zake, ameongeza nyingine.

Muhula ulipokwisha tulimwuliza kama angependa kurudi Mombasa. Alifikiri kidogo, akasema: "Nitakwenda kumwamkia nyanya, kisha nitarudi."

Bado hushtuka upepo ukivuma. Sasa hatumwambii aache kuogopa. Tunakaa naye kitandani hadi utulie. Nyanya yake tulimpigia simu usiku ule, tukamweleza habari za shomoro: kwamba damu ya pwani imefika mbali kuliko tulivyodhani, na haijaacha kuwa ya pwani. Akanyamaza kitambo.

"Basi nitakuja mwenyewe nimwone," alisema. "Lakini hayo maziwa ya moshi msinipe."