Usikubali Mlango Wote Upulizwe

Tanga

Mpwa wangu Salim,

Mama yako ananiambia bodaboda kakukwaruza mlango wa ile Toyota IST, na fundi wa mtaani anataka aupulize mlango mzima. Usimkubalie kwanza. Rangi ya kiwandani imekaushwa kwenye tanuri, na hakuna fundi wa kibarazani atakayekurudishia ubora ule. Itunze iliyopo.

Juu ya bati kuna praima, kisha rangi yenyewe, halafu klia inayoing'arisha na kuikinga na jua. Vyote kwa pamoja unene wake ni kama moja ya kumi ya milimita, na klia peke yake haifiki nusu ya hapo. Kila ukisugua unaipunguza, na ikiisha haiongezeki. Ndiyo maana nataka ujue kina cha mkwaruzo kabla hujanunua hata kitambaa.

Osha mlango kwa sabuni ya gari, ukauke, kisha ulowanishe palipokwaruzwa. Mstari ukipotea kwa maji na kurudi ukikauka, umeishia kwenye klia. Pitisha ukucha kwa kuukata: ukikwama, umezama. Ukiona kijivu, umefika praima. Ukiona bati linameta, shughulikia wiki hiyo hiyo, maana huko Dar es Salaam upepo wa bahari una chumvi na kutu huanza kutambaa chini ya rangi bila wewe kuiona. (Ingekuwa bampa nisingekuharakisha, ile plastiki haishiki kutu.) Na uangalie vizuri: mpira wa mpini wa pikipiki huacha alama nyeusi inayofanana na mkwaruzo, kumbe imeganda juu tu.

Ikiwa ni klia, fanya asubuhi kivulini, bati likiwa la baridi kiganjani. Weka kompaundi laini ya kusugulia rangi kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa cha maikrofaiba, sugua eneo la kiganja tu, kwanza kwa urefu, kisha kwa mapana. Futa, tazama kwa pembeni, rudia ikibidi. Ukiona mstari umefifia kiasi kwamba mtu wa kando hauoni, acha hapo hapo. Usiufukuzie mpaka uishe kabisa, utatoboa klia. Kaa mbali na kingo za mlango na ule mkunjo wa katikati, rangi hapo ni nyembamba zaidi. Malizia na polishi, kisha nta. Msasa, hata ule wa maji namba 2000, usiupitishe wewe kwenye klia. Dawa ya meno wanayoisifia vijana nayo iache. Inakwaruza, na hujui ukali wake.

Ikiwa umefika bati, tafuta kibao cha gari kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Penye C/TR, herufi na namba zilizo kabla ya mkwaju ndizo za rangi. Mpelekee mchanganya rangi herufi na namba hizo, usimwambie "nyeupe ya Toyota" tu: 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ina lulu na hupakwa kwa tabaka mbili za rangi kabla ya klia, hiyo mwachie fundi mzuri. Kwangua kutu kwa kipande kidogo cha msasa uliokunjwa, bila kutoka nje ya mstari. Futa kwa spiriti. Weka praima ya kuzuia kutu kwa ncha ya kijiti cha meno, iache ikauke, kisha rangi, nyembamba, mara mbili au tatu, kila moja ikauke. Mwisho klia. Usiiguse kwa kompaundi mpaka wiki ipite. Alama itabaki ukiinama kuitafuta, nami sioni ubaya wake. Bati litakuwa limefunikwa.

Piga picha mbili za mkwaruzo, mkavu na uliolowa, unitumie WhatsApp kabla hujaenda dukani.

Mjomba wako