Msaidizi na Mkuu wa Banda



Mpwa wangu alikwenda Dubai akiwa na miaka 19, akawa saisi katika banda la farasi wa mashindano. Alizoa samadi, akasugua farasi na kuwatembeza kabla ya jua kuchomoza. Baada ya miaka saba akafanywa msaidizi wa mkufunzi. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mjomba, kuna tajiri ana farasi wanane, ataka nimsimamie banda lake. Mama asema nikubali. Wewe wasemaje?"

Dada yangu alikuwa na haki ya kufurahi, kwani mshahara ungekuwa maradufu na paa la nyumba yake linavuja. Ama kushindanisha farasi kwenyewe kuna asili katika Sunna. Kamari ndiyo iliyoharamishwa.

Nilimsimulia habari za Charlie Appleby wa Newmarket, Uingereza. Alikuwa msaidizi katika mabanda ya Godolphin, yaliyoasisiwa na Sheikh Mohammed wa Dubai. Mwaka 2013 mkuu wake alipatikana na kosa la kuwapa farasi dawa zilizokatazwa, akafungiwa miaka 8. Mwaka huo huo Appleby akakabidhiwa uongozi. Farasi wake Masar alishinda Derby ya Epsom mwaka 2018, kisha Adayar mwaka 2021.

Watu huzitazama nishani. Mimi nilimtaka mpwa wangu aitazame siku ile ya kukabidhiwa. Msaidizi anajua chakula cha kila farasi, kwato zake na kasi yake ya asubuhi, lakini likija jambo zito husema, "Ngoja nimuulize mkuu." Mkuu hana wa kumuuliza. Katika mchezo huo dawa ikionekana katika mwili wa farasi, wa kwanza kuhojiwa ni mkufunzi, hata kama mkono ulioitia si wake.

Hapo nikamweleza nisilopata kumweleza mtu. Nilipokuwa na miaka 24 nilimwacha mwalimu wangu niliyekuwa msaidizi wake, nikafungua chuo changu mwenyewe. Mwenye chumba nilichokodi alikuwa na mtoto chuoni, akataka mwanawe afanyiwe khitima ilhali hajahitimu. Kodi ilikuwa imechelewa, nikakubali. Wazazi wengine wakajua, na kabla ya Ramadhani nilibakiwa na watoto wanne. Kufundisha nilikujua. Kukataa sikukujua, kwa kuwa miaka yote mwalimu wangu ndiye aliyekuwa akikataa kwa niaba yangu.

Sikumwambia akubali wala asikubali. Nilimwambia, "Mwanangu, muulize tajiri huyo: farasi akichechemea asubuhi ya mashindano, nani ataamua?"

Baada ya siku mbili akapiga tena. Tajiri alicheka, akamjibu, "Farasi ni wangu." Mpwa wangu akamshukuru, akarudi kwa mkuu wake. Mkuu aliposikia habari hiyo alianza kumwachia peke yake farasi watatu, na uamuzi wao pia.

Dada yangu bado ananinunia, na mvua za masika hazingoji. Paa hilo sasa ni deni langu mimi, na inshallah nitalilipa.

Enyi kina mama, mwanenu akiitwa kuongoza, msiulize mshahara peke yake. Muulizeni kama ataruhusiwa kusema hapana.

Wabillahi tawfiq.