Juma zima ndani ya mashua nyembamba



Wengi wenu mlituomba tuandike kuhusu safari yetu ya Uingereza. Labda mnangoja habari za London. London tuliiona kwa dirisha la gari tu. Katika mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, tulilala majini juma zima: sisi, mama yetu, na yaya wetu anayeishi Birmingham, ambaye ndiye aliyelipa yote.

Mama hakutaka. Wanaomfahamu wanajua kwamba miaka mingi alivuka Ziwa Kivu kutoka Idjwi mpaka Bukavu na mananasi na ndizi zake, na kwamba aliacha kazi ile baada ya usiku mmoja wa mawimbi ambao hapendi kuusimulia. Yaya alipomwambia kuwa tutasafiri kwa mashua, alijibu: "Mimi na maji tulishamalizana."

Tulipofika Braunston, kijiji ambako mashua nyingi hukodishwa, akasimama ukingoni na kuuliza: "Hapa mtu akianguka, anaweza kusimama?" Mwenye mashua akaweka mkono kifuani pake kuonyesha kimo cha maji. Mama akacheka, akapanda. Hata hivyo, jile yake ya kuokoa maisha hakuivua mpaka saa ya chakula.

Mashua yenyewe ni kama kasha refu la chuma. Upana wake unapita metre 2 kidogo tu, urefu karibu metre 20. Ndani mna vitanda, jiko, meza, hata mahali pa kuoga. Lakini watu wawili wanene hawapishani. Haiendi mbio: sheria inakataza kupita kilometre 6 na nusu kwa saa, ili mawimbi yasibomoe kingo. Mzee mmoja aliyetembea na mbwa wake kando ya maji alitusalimia asubuhi, na saa sita tukamkuta mbele, amekaa anakula mkate.

Mifereji hiyo si mito. Ilichimbwa na watu kwa sepeto na toroli, sehemu kubwa kati ya mwaka 1760 na 1830. Wakati huo barabara zilikuwa matope, kama zetu za mvua. Farasi mmoja aliyetembea ukingoni aliweza kuvuta mashua yenye tani 25 za makaa ya mawe. Mfereji wa Bridgewater ulipofika Manchester karibu na mwaka 1761, bei ya makaa ilishuka karibu nusu. Njia ikiwa nzuri, hata sufuria ya maskini inachemka: hilo sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa.

Na mlima je? Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo walijenga ngazi za maji. Mashua inaingia katika chumba cha matofali, milango mizito inafungwa nyuma yake, halafu mtu anazungusha ufunguo wa chuma ili maji ya juu yaingie. Mashua inainuka polepole mpaka kimo cha pili. Pale Braunston tulipanda ngazi 6, tukapita handaki lenye giza, tukashuka 7 upande wa pili, pale Buckby. Kila mara chumba kimoja kinakula zaidi ya litre laki mbili za maji. Kwa sababu vyumba vya njia hiyo vinatosha mashua mbili, watu wanangojana ili waingie pamoja na wasipoteze maji. Mama alipenda desturi hiyo kuliko yote. Siku ya pili alikuwa anasukuma mlango kwa mgongo pamoja na wamama wasiojua neno lake hata moja.

Siku ya nne tulivuka handaki la Blisworth, lenye karibu kilometre 3. Lilifunguliwa mwaka 1805, nalo halina njia ya farasi. Zamani wanaume walilala chali juu ya mashua na kuisukuma kwa kukanyaga kuta kwa miguu. Mama alishika mkono wa yaya mpaka tulipoona mwangaza. Tukatokea Stoke Bruerne, kijiji chenye makumbusho ya mifereji, na hapo safari yetu ilibadilika.

Walituonyesha chumba cha familia ya mashua. Urefu wake metre 3, upana metre 2. Baba, mama na watoto wao wote waliishi humo, kwa sababu sehemu nyingine yote ilikuwa ya mzigo. Ni mazuri kuangalia: milango imepakwa maua ya waridi, sahani zimening'inia ukutani, jiko linang'aa. Lakini tukaelezwa kilichowaleta wanawake humo. Reli zilipokuja, malipo ya mashua yalishuka. Wanaume wengi waliacha nyumba zao, wakachukua bibi na watoto wafanye kazi ya vibarua. Mwanamke alishika usukani, akafungua milango ya maji, akapika, akazaa humo humo. Mshahara ulihesabiwa katika mkono wa mume peke yake.

Na watoto wadogo? Walifungwa kwa kamba juu ya paa ili wasianguke majini.

Mama akaangalia, akasema taratibu: "Hata mimi nilimfunga huyu hivyo." Alimgusa yaya begani. "Kila siku ya soko, kwenye mtumbwi."

Yaya akajibu bila hasira: "Mama, majini sikuanguka. Ni shuleni ndiko nilianguka."

Wamama, tulinyamaza wote. Yaya alikoma darasa la nne. Kila siku ya soko alibaki kuhesabu mananasi na kulea wadogo. Sisi tulifika mpaka ISP na tunashika chaki leo kwa sababu yeye alikuwa anatushikia mahali sokoni. Kusoma vizuri alijifunza Birmingham, akiwa mtu mzima. Jambo hilo halikuwa limesemwa nyumbani kwetu hata siku moja.

Watoto wa mifereji nao walikua hivyo, wengi bila kujua kuandika jina lao. George Smith wa Coalville, mwanamume aliyefanya kazi ya matofali tangu utoto, alipiga kelele mpaka sheria ikatoka mwaka 1877, nyingine mwaka 1884. Mtoto wa mashua aliweza kupewa kitabu kidogo cha kumruhusu kuingia shule yoyote njiani. Wazo zuri! Lakini mashua ilisimama siku moja tu kushusha mzigo, halafu ikaondoka. Karatasi haikutosha. Ndiyo maana katika miaka ya 1930, karibu na London, jahazi moja liligeuzwa darasa, pale pale mashua zilipongojea mzigo. Shule ilimfuata mtoto.

Hapo Stoke Bruerne aliishi pia Sister Mary Ward. Hakuwa mtawa, Waingereza humwita hivyo muuguzi mkubwa. Miaka mingi alitibu familia za mashua nyumbani kwake, kando ya maji. Hakuwauliza kwa nini hawana makao. Alifungua mlango.

Jioni ile mama alipika bugali na kumpa yaya sahani ya kwanza, kabla yetu sote. Hakusema neno. Yaya alielewa, na sisi pia.

Leo mizigo haipiti tena pale. Malori yaliichukua, na baridi kali ya 1963 ikafunga hesabu. Lakini Ziwa Kivu bado linabeba wamama na watoto wao. Kama mwalimu, tunakiri: tuligombeza wamama wengi kwa ajili ya watoto wanaokosa siku za soko. Hatukuwahi kuuliza nani angehesabu mananasi.

Kwa hiyo tunaleta mawazo mawili kwenye mkutano wetu. La kwanza: mtoto anayekwenda na kurudi kati ya kisiwa na muji awe na daftari moja, ambamo walimu wa pande zote mbili wanaandika somo alilofikia. La pili: siku za soko, wamama wawili wa chama wabaki kwa zamu na watoto wadogo, ili dada zao wakubwa waende shule. Sisi tutatoa saa mbili jioni kwa wale waliokosa.

Mama ameshasema atachukua zamu ya kwanza.