Adapta ya Mama

Ndugu zangu mliotawanyika,

Kila Ijumaa saa nane mchana, hapa London, mama yangu huketi mbele ya kompyuta ya marehemu baba akazungumza na dada yake aliyeko Maskati, ambako saa hizo ni jioni. Mama mkubwa anakaribia miaka tisini. Humtajia majina ya watu wetu wa Malindi, Unguja, tawi moja kila wiki, naye mama huyaandika katika daftari la ukoo. Kwenye simu hauoni vyema uso wa dada yake. Kioo kikubwa ndicho kimfaacho.

Oktoba 2025 msaada wa Windows 10 ulikoma, na mashine ile kongwe haikuikubali Windows 11. Nikaitia Linux. Ikafufuka, lakini bila ya mtandao: adapta ya waifai iliyochomekwa nyuma yake haikuwa na draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kusema na kifaa. Draiva ilikuwa mtandaoni, na mtandao ulitaka draiva! Ijumaa ya kwanza ikapita.

Nikanunua adapta nyingine, sanduku lake limeandikwa Linux. Nayo ikagoma. Ndipo nilipofahamu kuwa jina la sandukuni si hoja. La maana ni chipu iliyo ndani, na chipu huweza kubadilishwa jina likabaki lile lile. Sisi tulioitwa Waarabu Unguja na Wazanzibari Omani tungalipaswa kulijua hilo mapema. Ijumaa ya pili ikapita pia. Mama hakulalamika, alilifunga tu daftari.

Kabla ya kununua ya tatu nilimwuliza muuzaji chipu yake. MediaTek MT7612U, akajibu. Draiva ya chipu hiyo imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018. Nikaichomeka, taa ikawaka, wala sikupakua kitu. (Mwenye haraka na aunganishe simu yake kwa waya wa USB, aazime mtandao wake kwa muda. Mimi nililijua hilo nimekwishachelewa.)

Ijumaa ya tatu uso wa mama mkubwa ukajaa kiooni. Hakuuliza tulikuwa wapi. Alisema amemwota kaka yao aliyefariki angali akinyonya, kabla mama hajazaliwa. Jina lake hatukuwahi kulisikia. Akalitaja mara mbili, polepole, na mama akaandika.