Saa Zilizookolewa Zimekwenda Wapi?

Mwaka 1930 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba baada ya miaka mia moja watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki, kwa kuwa uzalishaji ungekuwa umekua kiasi cha kuwatosha. Miaka hiyo inakaribia kutimia. Nchi tajiri zimetajirika kweli, lakini saa 15 hakuna azionaye. Kwetu Tanzania sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45, na wengi ninaowajua hawaishii hapo. Simu ya bosi huwafuata mpaka kitandani.

Mwaka huohuo wa 1930, kiwanda cha Kellogg mjini Battle Creek, Marekani, kilifanya jambo ambalo hunigusa kila nilikumbukapo. Zamu tatu za saa nane zikageuzwa nne za saa sita, ili waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi nao wapate. Malipo ya saa yakapandishwa. Watu wakapata muda wa bustani, wa watoto, wa jirani, na kiwanda hakikufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara moja baada ya nyingine ikarejea saa nane: uongozi haukuutaka tena mpango ule, na wanaume wengi walichagua pesa zaidi. Walioshikilia saa sita hadi zilipofutwa mwaka 1985, wengi wao walikuwa wanawake. Nadhani wao walijua thamani ya alasiri.

Tangu nikijue kisa hiki, nimeacha kuilaumu mashine kwamba haitupi muda. Mashine inaokoa saa, shida ni nani anazichukua. Mwajiri akiachiwa, hudai bidhaa zaidi, au hupunguza watu na kuwabebesha waliobaki kazi za walioondoka. Nasi tukipewa nafasi ya kuchagua, mara nyingi tunaziuza. Nyumbani ni vilevile: mama yangu alipoacha kutwanga, mahindi yakawa yanasagwa mashineni, muda ule ukaishia kwenye palizi. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Hata saa nane zilipiganiwa. Wafanyakazi wa Chicago waligoma kuzidai mwaka 1886, na wapo waliozifia.

Kwa hiyo natamani vyama vyetu vya wafanyakazi vidai saa kama vinavyodai mshahara. Karani ambaye programu inamfanyia kwa dakika chache hesabu za siku nzima ana haki ya kuuliza siku yake imekwenda wapi. Aulize mapema, programu inapoletwa, mkataba ungali mezani.